Mkono wa Kizuizini

Miaka tisa nilikalia kreti ya soda pale Isyonje,
kamba ya kizuizi mkononi, stakabadhi gotini,
ukungu ukiyatangulia malori.
Gunia la viazi, mia mbili. Mkungu wa ndizi, hamsini.
Lumbesa nililihesabu gunia na nusu,
nikatukanwa kwa Kinyakyusa, kwa Kisafwa,
kwa Kiswahili cha Tunduma.

Mia mbili zile zilikuwa na mwenyewe.
Halmashauri ilikopa kwa wananchi ivute maji ya mlimani,
ikatoa hati fungani, karatasi nene zenye mhuri,
na nyuma yake, kwa herufi za sisimizi:
deni hili litalipwa kwa ushuru wa mazao.
Mwalimu Ambakisye alinunua kwa kiinua mgongo chake chote.
Mama yangu aliuza ndama, akanunua moja,
akaihifadhi katika Biblia, kwenye kitabu cha Hesabu.

Kisha ikaja sheria kutoka mbali:
ushuru wa mazao umefutwa.
Watu waliimba. Hata mimi niliimba, nimeshika kamba.
Baadaye nikaifungia mbuzi.
Mwaka ule mke wangu alipitisha ndizi zake bure,
na mama alipokwenda dirishani kudai riba
karani alimvutia droo aone mbao.

Mwalimu hakuimba.
Alipanda basi kwenda Mbeya mara kumi na nne
na bahasha ile ile:
jaji yuko likizo, jalada halionekani, njoo mwezi wa nane.
Wakili wa halmashauri akasema, Mheshimiwa,
deni hatulikatai. Ila pa kulitoa hatuna.

Siku ya hukumu mvua ilipiga mabati
hata Jaji Mwaipaja akanyamaza kuipisha.
Kisha akasoma taratibu, kama anayechambua maharage:
aliyekopa kwa kuonyesha mkono
hawezi kuukatisha, kisha amwambie mdai, sina mkono.
Sheria na ifute ushuru kwa madeni ya kesho.
Kwa deni la jana ushuru ungali hai
mpaka shilingi ya mwisho.

Wakambeba Mwalimu juujuu, viatu vikamdondoka.
Mimi nilitazama kiganja changu.

Jumatatu nilimfungua mbuzi.

Lori la kwanza, viazi. La pili, mbao.
La tatu ilikuwa pikapu, na juu ya mikungu
Tusajigwe wangu, kajitanda khanga, haniangalii.
Mikungu kumi na miwili. Mia sita.
Alizihesabu sarafu moja moja kiganjani mwangu,
zikiwa na joto la kifua chake,
akasimama palepale kungoja stakabadhi.

Jioni ile mama alifungua Hesabu, akafunga.
Bomba la uani lilitoa maji, mekundu kidogo, ya masika.
Chakula nilitengewa kama siku zote.
Chini ya sahani palikuwa na kikaratasi
kimelowa mchuzi,
wino umetawanyika kote
isipokuwa pale nilipotia sahihi.