Kushoto Njano, Kulia Nyeusi

Mwalimu Shekiondo hanunui neno bila kipimo.
Alifika Gerezani, Premio yake inagonga mbele,
ko, ko, kila tuta, kama mgeni asiyefunguliwa mlango.
Nikachomoa mikono ya chini, nikamwonyesha bushi:
mpira umeachana na chuma chake
kama ukoko ulioachia sufuria.

Nikamwekea mbili juu ya boneti.
Hii nyeusi, mpira, gari lilizaliwa nayo.
Hii ya njano, poliyurethani, sisi huku twaiita poli,
ngumu kama kwato, mafuta hayaili, jua haliipasui.
"Ipi inadumu?"
Nikamjibu kifundi, yaani sikumjibu:
inategemea barabara, mfuko, na masikio yako.

Akatoa daftari.
"Funga kushoto njano, kulia nyeusi.
Njia ya Madale itasahihisha."
Nikamwambia gari si darasa, litavuta upande.
"Nitalishika," akasema.

Masika yakapita.
Alirudi mwezi wa saba, gari limevaa udongo mpaka kwenye vioo.
Poli ilikuwa nzima, bado njano chini ya tope,
ila inalia, nyiii, kila ikikata kona,
kwa kuwa yenyewe haijipindi, inasugua,
na grisi niliyoipaka iliondoka na madimbwi.
Sikujua, mkewe, alisema upande ule
kila kokoto linamfikia kwenye meno.

Mpira ulikuwa kimya.
Ulikuwa kimya kwa sababu umekufa:
ufa nusu duara, kidole kinaingia.

Mwalimu akaandika. Njano moja, nyeusi sifuri.
Akapiga mstari kwa rula.

Hapo ningenyamaza.
Nadaiwa kodi ya kibanda, nina seti nne za poli kwenye rafu,
na faida ya njano moja ni ya nyeusi tatu.
Lakini niliikumbuka Ijumaa ile:
adhana, wingu limekalia Kariakoo,
kijana wangu Mtoro ameshika spana ya kumi na tisa,
gari liko juu ya jeki, magurudumu yananing'inia,
nami nikamwambia, kaza tu, twende.

Mpira hukumbuka mkao uliokazwa nao.
Ukikazwa hewani, unadhani kuning'inia ndiko kupumzika;
gari likishuka, unaanza maisha umepindwa,
unapindwa kwenye maegesho, unapindwa usiku wa manane
na hakuna anayeendesha.
Poli haina habari hizo. Inazunguka tu kwenye kiota chake.
Kwa hiyo mwalimu hakupima mpira.
Alipima haraka yangu.

Nilimwambia.
Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi
aliyerudisha maksi alizozidishiwa.
Akafuta ule mstari, akafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Jumamosi nikaingiza nyeusi mpya kwa presi, taratibu,
nikaweka tairi juu ya mbao nipate pa kupenya,
jeki nikaiondoa kabisa.
"Ingieni," nikasema.
"Wote?"
"Wote, kama siku ya kwenda kwenu Lushoto."
Mwalimu kwenye usukani, Sikujua pembeni,
mapacha nyuma, na gunia la mkaa walilopitia sokoni.
"Kaeni mnavyokaaga."

Nikalala chali juu ya boksi la friji,
pua jirani na chuma,
nasikia mtoto mmoja anauliza tunaenda wapi,
na mama yake: "Hatuendi, tulia."
Kushoto, ile njano nimeipa grisi mpya,
haijaniomba kitu kingine.
Kulia nikakaza robo,
robo tena,
juu yangu uzito wa nyumba nzima,
na mpira unajifunza
kwamba hivi ndivyo wanavyokaa.