Pengo Ukingoni

Hatua thelathini kwa kumi na mbili,
nilikipima mwenyewe kiwanja kwa viatu vya kazini:
kokoto, vigae vya chupa, godoro lililotoka matumbo,
na bango la benki lililochomwa na jua la Tucson
hadi likawa haliuzi kitu tena.

Mimi nilitaka nyasi. Niliandika hivyo kwenye karatasi
iliyopitishwa mlango kwa mlango: "Nyasi, kama za kwetu Ohio."
Eulalia Bustamante akasoma, akaguna,
akaniwekea bili yake ya maji mkononi.
"Nyasi ni mgeni," akasema, "ambaye hata siku ya arobaini
jembe unalishika wewe."

Basi tukachimba mabonde,
kina cha goti la mtoto, yameinamia barabara
kama viganja vinavyosubiri kunawishwa.
Delbert Antone akaleta miche ya mti wa gome la kijani
na vipande vya mpungate ndani ya gazeti,
akatukataza kupanda hata mmoja
mpaka tujue maji hupitia wapi.
Hakuna aliyejua. Miaka kumi na tisa naishi hapa,
sikuwahi kutoka nje mvua inaponyesha
ila kufunga madirisha ya gari.

Jiji lilijibu baada ya miezi mitano:
ruhusa ya kukata ukingo wa barabara,
inchi kumi na nane, si zaidi.
Tukakodi msumeno wa zege. Vumbi likatupaka uzee sote,
hata Itzel wa darasa la saba,
yeye aliyeinywesha miche Juni nzima
kwa ndoo za matone ya viyoyozi vyetu,
akipiga hodi nyumba kwa nyumba kama mdai madeni.

Tarehe tisa Julai mawingu yakashuka milimani.
Barabara ikawa mto wa kahawia,
ukabeba kandambili, ukabeba vikombe vya karatasi,
ukafika kwenye pengo letu,
ukapita.

Ukapita, kama jamaa tajiri asiyesalimu.
Tulikuwa tumekata juu mno, kwa upana wa kidole.

Delbert akatoka na nyundo, bila kofia, bila neno.
Nikamfuata na patasi. Sijui kwa nini nilikuwa nacheka.
Tuligonga tumepiga magoti, maji yakitujaa viatuni,
mpaka kipande cha zege kikang'oka, ukubwa wa mkate,
na maji yakasita,
yakapinda shingo,
yakaingia.

Kufikia adhuhuri ya kesho yake ardhi ilikuwa imeyameza yote.
Mche mmoja ulizolewa. Bonde la tatu lilijaa taka,
na Eulalia anashikilia kwamba zamu ilikuwa yangu.
Benchi bado hatuna; jiji linataka fomu nyingine.
Jioni tunakaa kwenye ukingo wenyewe,
nyayo zetu pengoni,
tukiyasoma mawingu kwa sauti,
tukibishana.