Matone Kumi

Vaileti alishuka na basi la Kilolo, mwezi wa pili,
matope mpaka magotini,
akanitolea kichupa kimo cha kidole gumba.
"Mama, matone kumi chini ya ulimi,
asubuhi na jioni. Usichanganye na kahawa."
Elfu thelathini na tano, pale Miyomboni.
Nikasema asante.
Moyoni nikahesabu madebe ya mbegu ya viazi.

Tumbo lilianza Desemba,
baada ya vidonge vya zahanati, vile vya rangi mbili,
vilivyoua kidudu kilichonilaza
vikaua na wenyeji.
"Tumboni mna kijiji, mama," akanieleza,
"mna wadudu wema, wanakulimia."
Nikaziona nyumba zilizohamwa, milango wazi,
mbwa mmoja amebaki anabweka.
Na kweli lilibweka, katikati ya misa,
padri akanyamaza kidogo.

Nikauliza, humu ndani mna nini?
Akasoma karatasi, akaguna.
Mmea fulani, umezimuliwa,
ukazimuliwa tena, mara nyingi kuliko shanga za rozari,
hata mmea wenyewe ukaenda zake
yakabaki maji yanaukumbuka.
Jirani yangu Mgimba alicheka akashika nguzo:
"Kuzimua nakujua mimi, shemeji,
ila kwangu huwa kinabaki kitu."

Mgimba hugema mianzi iliyo nyuma ya choo changu.
Alfajiri anakata ncha, jioni anakata tena,
usiku kucha mbeta zinapokea,
to,
to.
Tukawa wawili wenye saa zilezile,
yeye na kisu chake, mimi na kichupa,
ukungu umetukalia mabegani.
Nikifika la nne, nasikia lake la tano.

Siku ya saba kilinitoka.
Vidole, baridi. Sakafu ya udongo ikanywa yote
kabla sijasema Yesu.
Nikainama kunusa: udongo tu.
Nilikaa kwenye kigoda mpaka maharage yakaungua.
Kisha nikakisuuza, nikakijaza maji ya mtungi,
nikainua ulimi.
Moja. Mbili.

Sijamwambia. Hupiga simu kila Jumapili:
"Tumbo, mama?" "Limetulia."
Wala si uongo, limetulia,
ila tangu lini ndiyo sijui.
Huenda ni zile siku sita.
Huenda ni togwa niliyoirudia,
bakuli moja mchana, uchachu ukinikwaruza koo.
Huenda ni Machi tu, imefika.
Au ni kule kusimama mlangoni mara mbili kwa siku,
mdomo wazi kama kinda,
mtu mzima nisiye na pa kukimbilia,
nikingoja tone lijae, linenepe,
likubali kuanguka.

Juzi Mgimba kaniletea mbeta ya asubuhi,
tamu, haijaanza kuchacha.
Nikaisukuma pembeni.
Nikamwambia niko kwenye dozi.