Maagizo kwa Mkamwana, Kabla ya Mwezi wa Sita

Subilaga, wewe wa Kyela umezoea joto
linalokufuata mpaka kitandani.
Huku Bulongwa baridi haipigi hodi.
Inaingia, inakaa jikoni kama shemeji
aliyesema amekuja kwa siku mbili.

Kwa hiyo anza na mashine. Mahindi yasagwe sasa,
madebe mawili, wakati Sanga ana umeme na ana maneno.
Upepo wa Kitulo ukishalaza nyaya
utakuta ndoo zimepanga foleni bila wenyewe,
naye amekaa juu ya gunia anaitazama mota
kama mtu aliyefiwa na ng'ombe wa maziwa.

Kuni za miwati zikae upande wa jua,
siyo huko unakoziweka, ukungu unazilamba.
Mawe juu ya bati yaongezwe.
Yale mawili ya pembeni aliyapandisha baba Obadia
mwaka aliokufa. Hayo usiyaguse.
Weka mengine kando yake.

Obadia akituma namba za Luku, zote ishirini,
ziandike kwa mkaa ukutani.
Simu huzima. Ukuta hauzimi.

Mbegu ya viazi ifunike kwa nyasi kavu.
Sakitu ikishuka usiku, asubuhi shamba linang'aa
hata unatamani kumwita mtu aje aone;
ikifika jioni majani ni meusi, yamelegea
kama mchicha uliosahaulika motoni.

Kuku waingie. Ndiyo, ndani. Utazoea.

Sasa hili nisikilize, acha hiyo sufuria.
Jiko la mkaa lisilale nanyi.
Ota moto, chemsha maji, kausha nepi,
lakini mkitaka kulala, litoke nje,
hata kama bado lina moto wa kuivisha maharage.
Melesiana, mdogo wangu, aliziba nyufa zote,
akaziba na tundu la ufunguo kwa kitambaa.
Tulipovunja mlango, tulikutana na joto.
Joto zuri, Subilaga. Tulikuwa tunatetemeka,
tukasimama pale kizingitini, likatupasha mikono
kabla hatujaelewa.
Blanketi lilikuwa limesukumwa miguuni.

Basi.

Koroboi iko nyuma ya mtungi, utambi mpya.
Na ukikaa gizani usiku wa tatu, wa nne,
ukasikia malori yakiguna kilimani,
ujue ni nguzo za umeme zinashuka kwenda Njombe,
mikaratusi yetu, imenyolewa, imelala chali,
inakwenda kuwasha miji nisiyoifahamu.
Obadia ndiye anayezihesabu, moja moja.
Mimi zamani nilikuwa nakasirika.
Siku hizi nageuza kiazi kwenye jivu.

Kesho mapema twende kwa Sanga.
Mahindi nitabeba mimi.
Wewe mbebe huyo, na umfunike masikio.