Karatasi Haikutosha

Jumatatu nilitundika manila ukutani,
misumari minne, kona moja ikalegea.
Nikapiga mstari wa chini, mstari wa wima,
nikasema: leo hatufungui kitabu.
Darasa la nne likashangilia
kana kwamba nimefunga shule.

Swali lilikuwa dogo, la kuanzia tu:
jana uliteka maji mara ngapi?
Kila safari, dumu moja la manjano,
likatwe, libandikwe juu ya jina lako.
Gundi ilikuwa uji uliobaki kwa mpishi.

Kidake, ambaye herufi humkimbia
kama kuku aliyesikia wageni wamefika,
alisimama mbele, akagusa jina, akasoma:
"Ambundo, moja."
Akasogeza kidole:
"Ayuma, nne."
Hakugugumia. Hakutazama dirishani.
Nilijifanya natafuta chaki.

Kisha Kageha.
La kwanza, la pili, la tatu,
la sita likafika ukingo wa manila,
na mkononi alikuwa na mengine matatu.
Akanitazama kama aliyeharibu kitu.
"Mwalimu, nipunguze?"

Tulichukua kalenda ya zamani ya duka la mbolea,
tukaigeuza mgongo, tukaiunga juu.
Mnara wake ukapita ubao,
ukafunika kipande cha ramani ya Kenya,
ukakaribia boriti anakoishi mjusi.

Wavulana wakaanza.
"Anadanganya!"
"Chemchemi ya Esirabe iko bondeni kabisa, mara tisa?"
"Labda dumu lake ni la lita tano."
Nikawaambia: mchoro umemaliza kusema.
Unajua ngapi. Haujui kwa nini.
Shikeni kalamu.
Na ubaoni nikaandika maneno mawili tu:
kwa sababu.

Niwaambie ukweli, nimefundisha insha miaka kumi na mitatu.
Nimesahihisha majua elfu yakichomoza na kutandaza miale,
ndege wakituimbia katika kila daftari,
hata wiki ile ya mvua ya mawe Bunyore nzima,
na mwandishi daima amerauka alfajiri na mapema,
hajabeba chochote.

Ayuma aliandika:
Nimeteka mara nne kwa sababu mama amejifungua.

Kidake, kwa herufi nene kama mihogo:
Dumu nizito kwasababu maji.
Nikatenganisha yaliyoshikana kwa wino mwekundu.
Zaidi ya hapo sikuwa na la kurekebisha.

Ambundo aliandika:
Nimeteka mara moja kwa sababu mimi ni mvulana.
Akaisoma kwa sauti, kwa fahari.
Akaisoma tena, kimoyomoyo.
Akafuta neno la mwisho,
akakaa na ile nafasi tupu
mpaka kengele ikalia.

Kageha alichelewa kuleta daftari.
Sentensi moja, mwandiko umeinamia kulia
kama mtu apandaye mlima:
Nimeteka mara tisa kwa sababu nyanya haamki kitandani,
na shuka ni za kila siku.

Sikuweka alama. Niliweka tarehe.

Jioni nilibaki peke yangu na ule ukuta.
Nilikuwa nimepanga kufundisha viunganishi, dakika thelathini na tano,
na mchoro kwa ajili ya wale wasiosoma.
Nani hasa alikuwa hajui kusoma?
Miezi mitatu nimeandika kwenye rejista: Kageha, amechelewa.
Amechelewa. Amechelewa.
Kalamu yangu haikuwahi kuongeza maneno mawili.

Ijumaa uji ulikuwa umekauka, mende wameuonja,
na dumu la juu kabisa likaanguka
katikati ya somo la hesabu.
Ambundo ndiye mrefu kuliko wote.
Akapanda dawati bila kutumwa,
akanyoosha mkono, karatasi imelala kiganjani.
"Ni zito?" Kidake akauliza kutoka chini,
na darasa likaangua kicheko.

Ambundo hakucheka.
Alilibandika, akalishikilia kwa kidole gumba,
muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji.