Hodi Tatu

Skripti yangu ina mistari kumi na minne.
Niliiandika Langoni, orofa ya pili,
juma la mvua za kwanza, feni imezimika,
chai ya maziwa imeshika utando kikombeni.
Kila dakika tano huamka yenyewe,
huchukua orodha ya majina, huenda mlango kwa mlango:
hodi, hodi, hodi.
Ikiitikiwa, huandika saa na muda wa jibu.
Isipoitikiwa mara ya tatu, hurudi zake
kama tulivyofunzwa sote: hodi tatu, kisha uondoke,
usichungulie madirisha ya watu.

Ndani ya bahasha yake hamna barua.
Hilo ndilo lililonishinda kumweleza mhasibu
aliponiuliza bando letu linabeba nini usiku kucha.
Halibebi kitu, Bwana Aboud. Linauliza: upo?
Na ng'ambo hujibu: nipo.
Basi.

Mokowe, milisekunde sita. Kijana mwepesi,
hujibu sijamaliza kutamka.
Siyu, arubaini na moja.
Faza ilikuwa tisini, leo mia na tatu;
nadhani sahani ya mnara imegeuza uso kidogo.
Matondoni hukataa hodi, tena kwa makusudi:
fundi aliyeifunga aliiusia isimjibu mgeni,
nami miezi miwili nikaiandika MAITI
hali i hai, yahesabu dawa zake kimya kimya.
Kimya kingi kina mshindo, lakini skripti haijui methali.
Kwake kimya ni sifuri.

Saa nane na robo usiku Kizingitini ikanyamaza.
Pakiti tatu zimekwenda, iliyorudi hakuna.
Nikampigia muuguzi Bwanaheri. Simu ikalia hadi ikakata.
Nikapiga tena, akapokea akihema:
"Umeme umekwenda, dada. Friji ya chanjo naivisha blanketi,
tochi nimeibana kwapani.
Mashine yako ingoje."
Ikangoja. Nikangoja nayo,
nautazama mstari mwekundu ukirefuka,
dakika tano, kumi, ishirini na tano.

Hapo ndipo sauti ilipopanda ngazi.
"Muzna!"
Sikuitika. Nilikuwa nahesabu.
"Muzna!"
Utotoni mama alipima muda wangu kwa kandambili:
labeka isipotoka kabla ya pumzi ya pili,
kandambili ilikwisha kuvuka ua.
Hakuhitaji milisekunde. Alijua
nikichelewa, mdomo umejaa ubuyu wa kuiba;
nikinyamaza kabisa, nimevunja kitu.
"Muzna!"

Tatu.
Nikainuka, kiti kikaanguka, nikashuka gizani
nikipapasa ukuta wa chokaa,
moyo mbele, miguu nyuma.
Alikuwa ameketi kitandani, kanga begani, mzima,
macho yako mlangoni.
"Labeka, mama. Wataka maji? Dawa ya presha?"
"Sitaki kitu," akasema. "Nimeona taa.
Nilitaka kujua u macho."
Akajilaza, akageukia ukutani,
na kabla sijapata neno akaanza kukoroma.

Nilipopanda tena, Kizingitini imekwisha kuitika:
milisekunde mia mbili na kumi na mbili,
uzito wa mtu aliyeamshwa.
Nikafungua faili la majina,
nikaongeza mstari mmoja chini ya wote,
herufi nne, bila nambari ya anwani.
Skripti ikalalama: huyu hajulikani.
Nikaufuta mstari.
Nikauacha wazi mlango wa ngazi.