Kiwanja cha Mtumba

Nehemia, kijana wangu wa benchi,
ana nadharia nyingi kuliko bisibisi.
Leo anasema mtu akiupita mwanga kwa mbio
atajikuta jana.
Namwambia shika hiyo solda vizuri,
unaunguza simu ya mwalimu,
na mwalimu anaitaka leo, siyo jana.

Hata hivyo nimelifikiri.
Vumbi la Majengo huingia kila tundu la chaja,
nusu ya kazi yangu ni mswaki na spiriti,
mikono inakwenda yenyewe, kichwa kinabaki na nafasi.

Kwenye filamu, anayepata mashine ya kurudi nyuma
huenda kuzuia vita,
au kuangalia mijusi mikubwa kuliko lori la zabibu.
Waliozitunga hawajawahi kuishi Dodoma.
Mpe mashine hiyo mtu wa hapa,
mpe mchungaji, mpe muuza ubuyu wa stendi,
wote utawakuta mwaka mmoja, foleni moja,
wako Mtumba, wanauliza bei ya viwanja.

Na mimi niko mbele. Nina haki.
Mzee Chilongani alinishika mkono akasema
eka mbili, laki tatu, na hiyo redio yako juu.
Nilicheka.
Nikamuuliza, vocha nitamuuzia nani, fisi?
Leo pale pana ghorofa sita
na lifti inayosema "karibu" kwa sauti ya dada wa benki.
Niliitwa mwezi jana kutazama simu ya mlinzi.
Getini nikaandika jina, nikaacha kitambulisho.
Kwenye kiwanja changu!

Haiwezekani, anasema Nehemia.
Ukirudi ukanunua, hutakuwa fundi,
usipokuwa fundi hutaitamani mashine,
usipoitamani hutarudi,
usiporudi hutanunua.
Tukanyamaza wote, hata feni.
Mama mmoja wa Bahi, aliyekuja kubadilisha kioo,
akasema, "Mbona hiyo ndiyo mikopo ya kikoba chetu."

Sayansi siipingi, inanilisha.
Ila imetupa simu inayoujua uso wako gizani
na haijatupa chaja ya kumaliza Kwaresima.
Wanasema roboti zinakuja kuchukua kazi zetu.
Zije. Zipigwe na upepo wa Agosti wiki mbili,
halafu tuone zitaletwa kwa nani.

Lakini shida ya kurudi nyuma siyo mwanga.
Shida ni yule kijana mwenye nywele, mimi wa zamani.
Namjua, mbishi.
Nitamweleza Mtumba, nitamwelezea Serikali itakavyohamia,
yeye ataniuliza kama simu yangu ina laini mbili.

Na shida nyingine.
Mwaka ule Mama yuko hai.
Yuko Hombolo, anapepeta uwele uani,
na njia ya kwenda kununua kiwanja
nitaifanya ipite pale, hata kama haipiti.
Ataniona nina mvi kumzidi yeye,
atanitambua kwa ninavyokuna sikio.
Hataniuliza nimetoka mwaka gani.
Atasema, "Umekuja mikono mitupu?
Haya, ndoo hiyo, bomba unalijua."

Nitakwenda.
Foleni ya Hombolo ilikuwa ndefu siku zote.
Betri ya mashine itakata nikiwa mtu wa kumi na nne,
laki tatu mfukoni, ndoo kichwani mdomo chini kama kofia,
na eka mbili zitabaki kwa mwenye lifti.
Sawa tu.

Mwalimu huyo anavuka barabara.
Simu yake haijawaka.
Nehemia ananitazama, ameishiwa nadharia.
Nami namwambia mwalimu neno la mafundi wote,
wa hapa, wa zamani, na wa sayari yoyote itakayogunduliwa:
njoo kesho.